Mwalimu Mallory na Wapagazi Saba

Sisi tuliozaliwa katika miteremko ya Mlima Elgon tunajua kwamba mlima waweza kukaa kimya miaka mingi, watu wakalima, wakajenga na kuzika wazee wao. Kisha mvua ikanyesha siku nyingi mfululizo, udongo ukanywa maji kupita kiasi, na siku moja ubavu mzima ukaondoka. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi, katika wilaya ya Bududa, kilifunikwa namna hiyo, na zahanati yake pia. Nimeanza na jambo hilo kwa sababu, nilipowaambia wenzangu kwamba nitaandika habari za George Mallory, mpanda milima wa Kiingereza, waliniuliza mambo ya theluji yanatuhusu nini sisi. Theluji iliyolundikana mlimani haina tofauti kubwa na udongo wetu. Nayo hutulia, nayo hulemewa, na hatari yake huzidi sana hali ya hewa inapogeuka kuwa ya joto na maji.

Watu wengi wakilisikia jina la Mallory huuliza jambo moja tu: je, yeye na kijana mwenzake walifika kileleni Everest mwaka 1924, miaka 29 kabla ya Hillary na Tenzing? Swali hilo limejaza vitabu vingi. Mimi halinishughulishi sana. Nimeshikwa zaidi na siku moja ya miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 7 Juni 1922, na jinsi alivyoishi baada ya siku ile.

George Herbert Leigh Mallory alizaliwa tarehe 18 Juni 1886 katika kijiji cha Mobberley, Cheshire, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Tangu utoto alipenda kupanda kila kitu kilichosimama, miti, kuta, hata paa la kanisa la baba yake. Alikuwa hodari wa hesabu, akapata nafasi ya kusomeshwa bila malipo katika shule ya Winchester, na huko mwalimu mmoja aliyependa milima akamchukua mwaka 1904 kwenda kupanda katika milima ya Alps. Basi maisha yake yakageuka. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1910 akawa mwalimu katika shule ya Charterhouse.

Sisi wanafunzi tungempenda, nadhani, ingawa pengine tungemsumbua. Hakuwa mkali, naye alitaka kuwafanya wanafunzi wake rafiki, jambo ambalo katika shule za siku zile lilionekana la ajabu, hata wengine wakautumia upole wake kupiga kelele darasani. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Robert Graves, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri. Mallory alimwazima vitabu, na wakati wa likizo akamchukua kwenda kupanda majabali ya Wales.

Tarehe 29 Julai 1914 alimwoa Ruth Turner. Siku sita baadaye Uingereza ikaingia vitani. Walimu walizuiliwa kwanza wasiende, lakini yeye hakustarehe kukaa nyumbani wakati wanafunzi wake wa jana wanauawa. Akaingia katika jeshi la mizinga, na mwaka 1916 alikuwa Ufaransa, katika vita vya Somme. Walijaliwa watoto watatu, Clare, Beridge na John.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo, kwa kuwa mwaka huo huo wa 1916, mbali na mahali alipokuwa Mallory, milima ya Alps ilionyesha waziwazi jambo ninalotaka kulieleza. Askari wa Austria na wa Italia walikuwa wakipigana katika vilele venyewe, wakilala katika vibanda vya mbao chini ya miteremko ya theluji. Desemba theluji ilianguka nyingi mno. Kisha hewa ikapata joto ghafla. Asubuhi ya tarehe 13 Desemba theluji ya mlima Marmolada ikashuka juu ya kambi ya Waaustria na kuua mamia ya watu katika muda mfupi sana. Hakuna adui aliyepiga risasi.

Kwa nini joto liue? Theluji haianguki mara moja na kwisha. Huanguka leo, ikaacha, ikaanguka tena wiki ijayo, hata mlima ukavaa tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Kukiwa na baridi tulivu, tabaka hizo hushikana polepole. Lakini katikati ya majira ya baridi ukija upepo wa joto, kama ule ambao watu wa Alps huuita föhn, au mvua ikinyesha juu ya theluji, mambo mawili hutokea pamoja. Tabaka la juu hupata uzito wa maji, na maji yale yale hupenya chini na kulegeza mahali ziliposhikana. Mkeka wa juu haushikwi tena na wa chini. Kelele ndogo, au hatua za mtu mmoja anayepita, zaweza kutosha, ingawa mara nyingi hata mtu hahitajiki. Wakazi wa mabonde ya Alps, wakiamka usiku wa Januari na kusikia matone yakidondoka kutoka paani badala ya ukimya wa baridi, hawafurahii joto hilo.

Nimesema hatua za mtu anayepita, lakini kelele nimeitaja kwa sababu watu wengi huiamini. Wataalamu wanasema sauti ya mtu haitoshi. Uzito ndio unaoangusha.

Vita vilipokwisha Mallory alirudi darasani, lakini hakukaa. Mwaka 1921 Waingereza walipata ruhusa ya kupita Tibet ili kuutafuta Mlima Everest, maana Nepal ilikuwa imefungwa kwa wageni. Mallory akaitwa. Walitoka Darjeeling, wakatembea mamia ya maili, na mwezi Septemba yeye na wenzake wakafika juu ya tuta la barafu linalouunganisha Everest na mlima wa jirani, urefu wa futi 23,000. Kwa Kiingereza tuta hilo huitwa North Col. Mimi nitaliita Tuta la Kaskazini. Njia ya kwenda kileleni ilikuwa imeonekana.

Mwaka 1922 wakarudi wakiwa na nguvu zaidi, chini ya Jenerali Charles Bruce. Mizigo yao ilibebwa na Washerpa na Watibeti, na wapagazi hao wanastahili kusifiwa kuliko walivyosifiwa na magazeti ya siku zile. Walipandisha mahema na vyakula mpaka futi 25,000 bila mitungi ya hewa. Usiku mmoja, Waingereza wawili wakiwa wamekwama hemani katika tufani, wapagazi sita walipanda kutoka Tuta la Kaskazini kuwaletea chupa za chai ya moto, kisha wakashuka tena gizani.

Tarehe 21 Mei Mallory, Norton na Somervell walifika karibu futi 27,000, mahali ambapo hakuna binadamu aliyekuwa amepata kufika. Walipokuwa wakishuka, mwenzao Morshead aliteleza na kuwavuta wawili wengine. Mallory aliyekuwa mbele alisikia, akachoma shoka lake la barafu katika theluji, akaizungusha kamba na kuilalia kwa uzito wake wote. Kamba ikashika. Watu watatu walipona kwa akili ya nukta moja. Nalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba habari inayofuata ni ya mtu mzembe.

Siku chache baadaye Finch na Geoffrey Bruce, wakitumia mitungi ya hewa, walipita juu zaidi kidogo. Kisha wote wakarudi chini wamechoka. Daktari aliwapima, na wengi walionekana wamedhoofika. Mallory mwenyewe alikuwa ameumwa na baridi vidoleni. Lakini aliona kilele kimebaki karibu, na wakati unakwisha.

Wakati gani? Wakati wa kiangazi kabla ya mvua za Bara Hindi. Wasomaji wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaufahamu upepo wa kusi kuliko sisi wa bara. Kusi hupita kando ya pwani ile, huvuka ikweta, hugeuka upande wa mashariki juu ya bahari, na ukifika Bara Hindi ndio unaoleta mvua zao kubwa za Juni. Hewa hiyo ya bahari, yenye joto na maji mengi, ikipanda ukuta wa Himalaya huanguka kama theluji nzito na laini. Basi kule Everest theluji mbaya zaidi ni ya mwanzo wa mvua za kiangazi cha Ulaya, si ya majira ya baridi, lakini kiini chake ni kile kile cha Alps: unyevu mwingi, joto, na tabaka jipya lisilokuwa na muda wa kushikana.

Walipoondoka kambi kuu tarehe 3 Juni kwa jaribio la tatu, theluji ilianza kuanguka. Ilianguka usiku kucha. Finch alishindwa na udhaifu akarudi. Tarehe 5 walifika Kambi ya Tatu, chini ya Tuta la Kaskazini, wakikanyaga theluji nyingi njia nzima. Tarehe 6 jua likawaka, wakangoja siku nzima theluji itulie. Kwa mazoea waliyoyapata Alps, siku moja ya jua kali ilionekana kutosha, au karibu kutosha. Hapo ndipo kosa lilipokaa, kwa maoni yangu. Kanuni ya mlima mmoja ilipelekwa katika mlima mwingine, na aliyeipeleka alikuwa na haraka.

Asubuhi ya tarehe 7 Juni watu 17 walitoka, wamefungwa katika kamba nne. Kamba ya kwanza ilikuwa ya Somervell, Mallory, Crawford na mpagazi mmoja, hao ndio waliovunja njia. Nyuma yao walifuata wapagazi 13 na mizigo. Theluji iliwafika magotini, pengine zaidi. Walipofika mahali penye mteremko mkali kuliko pote waliijaribu, wakiikanyaga kwa makusudi waone kama itaondoka. Haikuondoka. Wakaridhika. Walipoingia mteremko uliokuwa mlegevu zaidi hawakuwa na hofu tena, maana palipokuwa pabaya palikwisha pitwa. Mbingu ilikuwa nyeupe, jua kali, hakuna upepo hata kidogo.

Saa saba na nusu mchana walisimama kidogo ili walio nyuma wawafikie. Tuta lilikuwa limebaki kama futi 600 juu yao. Walipoanza tena kwenda, wakasikia mlio mzito, kama baruti iliyopigwa chini ya ardhi, na mteremko uliokuwa juu yao ukakunjamana na kuanza kutembea. Mallory alichukuliwa, akafunikwa, akapigania hewa kwa mikono, kisha mwendo ukakoma. Wote wanne wa kamba ya kwanza walitoka salama. Wapagazi wanne wa kamba iliyofuata walionekana chini kidogo, nao wazima. Wale tisa wa nyuma hawakuonekana.

Chini ya wale wanne palikuwa na genge la barafu la futi 40 hadi 60. Wale tisa walikuwa wametupwa chini yake, na theluji ikawafuata na kujaza ufa waliomwangukia. Waliosalia walishuka wakachimba kwa mikono na mashoka. Wawili walitolewa wakiwa hai. Saba walikufa. Miongoni mwao walikuwamo Lhakpa, Norbu, Pasang, Pema na Temba. Mmoja hakupatikana hata mwili. Wenzao walipoulizwa kama miili ichukuliwe chini, walitaka iachwe hapo mlimani, ikaachwa. Katika Kambi ya Tatu wakajenga rundo la mawe kuwa kumbukumbu.

Hakuna Mwingereza aliyekufa. Jambo hilo lilimchoma sana Daktari Somervell. Alitamani mmoja wao angalau angekuwa amelala pamoja na wapagazi, ili wale waliobaki wajue kwamba hatari ilikuwa ya wote. Baadaye aliacha kazi nzuri ambayo angeipata London, akawa daktari wa misheni kusini mwa Bara Hindi kwa miaka mingi.

Na Mallory? Alijilaumu. Aliwaandikia mkewe na rafiki zake barua, akieleza tena na tena jinsi walivyofikiri na kwa nini, na kila mara akifika mahali pale pale, kwamba watu wale walimwamini na hawakuwa na elimu ya kupima theluji ile. Wakubwa wengine wa msafara walimhukumu vikali zaidi, wengine wakamtetea. Nimefikiri sana juu yake. Alijaribu mteremko, alingoja siku moja, alitangulia mwenyewe mbele. Lakini yeye aliutaka mlima, na wapagazi walitaka ujira. Angalau yeye angeweza kusema turudi, na mpagazi wa kamba ya nne asingeweza kusema hivyo kwa urahisi. Siwezi kumwita muuaji, wala siwezi kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya tu.

Mwaka 1924, katika michezo ya Olimpiki ya baridi huko Chamonix, nishani za dhahabu zilitolewa kwa watu wa msafara wa 1922, na wale saba nao wakahesabiwa.

Mwanzoni mwa 1923 Mallory alizunguka Marekani akihutubu, kisha akapata kazi ya kufundisha watu wazima chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Ilikuwa kazi iliyomfaa kuliko zote alizopata kufanya. Ruth na watoto walikuwa naye. Alipoitwa tena Everest alisita, akaenda.

Safari ya 1924 ina jambo ambalo vitabu vingi hulipita upesi ili vifike kileleni, nami napenda nikae hapo kidogo. Mwezi Mei baridi na theluji viliwarudisha nyuma mara nyingi. Tarehe 23 kundi moja lilishuka kutoka Tuta la Kaskazini, lakini wapagazi wanne waliogopa kupita mteremko wa theluji mpya, wakabaki peke yao juu, na chakula kidogo, mikono ya baadhi yao imeganda. Walikuwa na haki ya kuogopa. Ilikuwa theluji mbichi kama ile, na mahali karibu na pale pale.

Norton, aliyekuwa sasa mkuu wa msafara, Somervell na Mallory, wote watatu wanakohoa, wote watatu waliokuwa mlimani mwaka ule wa 1922, waliacha shauri la kilele na kupanda kuwafuata. Walijua wazi kwamba mteremko ungeweza kuondoka nao. Jioni ilikuwa inakaribia. Somervell akafungwa kamba, akaanza kuvuka sehemu mbaya, Mallory na Norton wakiishika kamba nyuma. Ikaisha urefu hali bado yadi chache kuwafikia. Wapagazi wawili wa kwanza wakajikaza wakaja. Wawili wa mwisho walitoka pamoja, theluji ikakatika chini ya miguu yao, wakateleza kuelekea shimoni, na kwa bahati wakasimama hatua chache chini. Somervell akawaambia wakae wasitikisike. Akajifungua kamba kiunoni, akaifunga katika shoka alilolichoma, akaishika ncha yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawakamata ukosi wa nguo, mmoja baada ya mwingine. Usiku wote saba walikuwa kambini.

Wiki mbili baadaye, tarehe 8 Juni 1924, Mallory na Andrew Irvine, kijana wa miaka 22, walitoka kambi ya juu na mitungi ya hewa. Saa saba kasoro dakika kumi mchana mwenzao Odell, aliyekuwa chini yao, aliona pengo katika mawingu na nukta mbili nyeusi zikipanda ukingo wa mlima. Mawingu yakafunga. Hawakuonekana tena. Mallory alikuwa na miaka 37, na mtoto wake wa mwisho, John, alikuwa hajatimiza miaka minne. John alikuja kuwa mhandisi wa maji huko Afrika Kusini.

Mwili wa Mallory ulikutwa tarehe 1 Mei 1999, karibu futi 26,800, kifudifudi juu ya changarawe, mikono imenyooshwa juu kama mtu anayejizuia asiteleze. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika na kamba bado ilikuwa imemzunguka kiunoni. Si poromoko la theluji lililomwua, alianguka. Ubavu ule wa mlima hauna udongo wa kuchimba. Waliomkuta waliokota mawe mmoja mmoja, wakamfunika, kama vile yeye na wenzake walivyorundika mawe katika Kambi ya Tatu kwa ajili ya wale saba.